Mnong'ono Kabla ya Jina Lako

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mwanangu ameota jino, na paa la studio bado linavuja, kwa hiyo tunarekodi huku tumekinga ndoo.

Zile salamu za Mama za harusi yako nimezipata. Baba alimrekodi kwa simu, akaniomba nizisafishe. Nilipoziangalia zote kwa pamoja kwenye kompyuta, mawimbi ya sauti yalipanda na kushuka vizuri tu. Nikayakuza ili niondoe mlio wa feni. Hapo, kabla ya jina lako, nikaona vijiwimbi mahali palipotakiwa kuwa kimya. Nikaongeza sauti.

Ni Baba, Dada. Ananong'ona jina lako. Mama anauliza kwa sauti ya chini, "Nani?" Baba anarudia, ndipo Mama analitaja kwa furaha.

Nikajiambia nimesikia vibaya. Nikayapunguza mawimbi, nikayakuza tena. Ni vile vile.

Nilimpigia Baba. Akasema, "Futa hapo, mwanangu. Mwache dada yako aolewe kwa amani."

Kufuta ni kubofya tu. Nilikaa na kidole juu ya kitufe mpaka chai ikapoa, nikashindwa. Nakutumia salamu hizo kama zilivyo, na najua Baba atanikasirikia. Tafadhali usingoje harusi ipite. Baba anasema zipo siku Mama anakutaja mwenyewe, bila kukumbushwa. Njoo uikute hata moja.

Mdogo wako, mwenye hofu