Tanki Hili ni Dogo, Shemeji

Mpendwa Baba Achieng,

Huko uliko hakuna haja ya kukuuliza hali, kwa hiyo nianze na yangu. Ndugu yako Omondi amelala kwenye kochi letu na viatu vyake. Alifika Jumanne kutoka Siaya na sanduku kubwa, si la mtu aliyekuja kusalimia tu. Anasema miaka miwili ya ujane imetosha, mila ni mila, na nyumba haiwezi kukaa bila mwanamume. Kesho baada ya ibada anataka jibu langu mbele ya wazee wa kwetu walioko hapa Kampala. Mimi sitaki. Ila kila nikitafuta maneno ya kumkatalia mdogo wako bila kumvunjia heshima, siyapati. Ndiyo maana nimeketi mbele ya tanki lako la samaki nikikuandikia wewe. Nimelifuata pembeni, maana alikwisha kulisogeza, ati linaziba televisheni.

Unakumbuka lilivyoanza? Daktari alikuambia presha imepanda, utafute kitu cha kutuliza moyo. Wenzako wangenunua redio. Wewe ulikwenda kwenye karakana yako ya Katwe, ukachomelea fremu ya chuma, ukaitia vioo vya madirisha, ukaniletea sanduku la maji lenye urefu wa mkono wako. Lilivuja mara tatu juu ya vitambaa vyangu vya kufuma. Kila mara ulisema, "Hiyo ni jasho tu, itakauka."

Kisha ukaenda Port Bell kutafuta samaki, na hapo ndipo Ujaluo ulipokuponza. Ulichagua samaki wa kutazama kama wa sufuria: ukamfunua mashavu, ukamminya mgongo, ukarudi na ngege mnono kwenye ndoo. Nalongo, yule mama wa mapacha aliyekuuzia, alicheka mpaka akashika kiuno. Ngege akafukua mchanga wote, akanenepa, na kila akitaka kugeuka mkia unapiga kioo. Halafu wakaja wageni wa kanisa bila taarifa, na jikoni sina hata omena, wale dagaa wetu. Nilikwisha kukuomba msamaha kwa hilo. Ulikula mpaka ukafika mkiani ndipo ukatupa jicho kwenye tanki. Ukaomba ugali zaidi.

Safari ya pili ulijifunza udogo, hukujifunza lingine. Ulileta nkejje, hao ndugu wadogo wa ngege ambao Waganda huwakausha. Ukachagua watano wenye rangi kali, buluu na nyekundu, ukasema sasa sebule ina sura. Kumbe wenye rangi wote ni madume! Kufikia jioni wanang'oana mapezi, nawe, badala ya kutulia, umesimama unawaamua kwa mwiko wangu. "Wewe! Toka huko! Mwache huyo!" Daktari alipokupima tena aliuliza kama tumefiwa.

Tukaenda kwa Nalongo pamoja.

"Ssebo, bwana, hii yote ni dume," alikuambia. "Nyumba yako iko kidogo. Weka dume moja, bibi yake nne, na mawe ya kujificha. Dume ya pili, hapana. Itapigwa mpaka ikufe."

"Na hawa bibi wa rangi ya jivu, mimi nitaangalia nini?"

"Utaangalia amani, ssebo."

Ulinuna njia nzima. Lakini amani ilikuja kweli, na ukaanza kusinzia kwenye kiti chako mbele ya kioo. Mpaka jike mmoja kati ya wale wanne alipoacha kula. Kidevu kikamvimba, mdomo kaufunga, siku ya tatu, siku ya kumi. Ukasema ana matumbwitumbwi. Ukamwombea kwa sauti, fundi mzima, umepiga magoti mbele ya samaki, na mimi nikacheka nikiwa nimejificha jikoni.

Asubuhi ile uliniita kwa ukelele nikadhani ni moyo. Nilikukuta unalia. Jike alikuwa amefungua mdomo, na watoto wanatoka humo mmoja mmoja, wadogo kama punje za mtama. Ukasema, "Mama Achieng, alikuwa na njaa akiwa amewabeba. Kama wewe, zile siku za vita."

Nilidhani hukuona. Siku zile tulipojifungia hapa Mengo, nikiwagawia watoto chakula na kusema mimi nimeshiba, nilidhani nimekudanganya. Ulikuwa hujawahi kunishukuru kwa lolote, hata kwa chai. Siku ile ulinishukuru, na imenitosha mpaka leo.

Ngoja niweke kalamu chini. Omondi ananiita.

Nimerudi. Asubuhi, kabla ya kulala, alikuwa amemtia tankini dume mpya, mzuri, buluu kabisa, zawadi yake kwangu. Aliniambia huyu wetu, yule mjukuu wa dume wako, anaonekana mpweke. Sikumkataza. Sasa ameamka na kukuta mkia wa zawadi yake umebaki nusu.

"Shemeji, njoo uone! Huyu wako ana roho mbaya!"

"Hana roho mbaya. Tanki hili ni dogo, shemeji. Linatosha dume mmoja, na yupo."

"Hata mwingine akija kwa heshima?"

"Hata huyo."

Akamtazama samaki. Akanitazama mimi. Akaitazama picha yako ukutani, kisha sanduku lake. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alivua viatu. Halafu akaniuliza kwa upole kama nina chupa ya jemu iliyo tupu.

Kesho anarudi Siaya, na samaki wake mapajani. Amesema wazee atawaambia mwenyewe.

Tanki nimelirudisha mahali pake, na kiti chako mbele yake. Nakukumbuka, Baba Achieng, pamoja na hasira zako na mwiko wangu uliouvunja. Pumzika. Samaki wa kula nanunua sokoni.

Mke wako, bado,
Mama Achieng