Kaka Iori Alivyoinama

Matsue, 9 Novemba

Kwa Dada Chinatsu,

U hali gani huko Sapporo? Theluji imeshaanza kukung'ata pua? Shemeji na mtoto hawajambo? Mimi mzima, na uzuri umezidi, ila moyo haujatulia. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyekimbia shule nisiishike.

Ile video ya Kaka Iori umeiona, na nani hajaiona? Basi aliyeipiga ni mimi. Wasomi wote pale uwanjani simu zao zilikuwa mfukoni. Tulikuwa tumefungwa manne. Wachezaji wakapanga mstari mbele ya mashabiki, wakainama kuomba radhi kama kawaida. Wenzake wakainuka, Kaka akabaki chini. Kwa kuwa yeye ndiye mkubwa kikosini, vijana wakaona haya kusimama kabla yake, wakainama tena. Mashabiki nao wakainama. Uwanja mzima, Dada, vichwa chini kama mpunga ulioiva.

Usiku nikaiweka mtandaoni. Kulipokucha, watazamaji milioni tatu. Nikadhani simu imeharibika. Wabrazili wanalia, Waindonesia wanaandika eti huyu ndiye binadamu wa mwisho mwenye utu duniani. Beki wa daraja la tatu, ambaye hata mama wa duka la tambi hapa chini alimwita "yule mrefu". Klabu ilikuwa imeshapanga kumwacha mwezi huu. Ikamwongezea mwaka, ikatangaza kwamba Jumapili ataanza. Tiketi zikaisha kwa saa moja.

Sasa kaa chini. Kaka hakuwa akiomba radhi. Mgongo ulimkatalia kunyooka. Jumatatu nilimkuta sakafuni bafuni, ameshindwa kuvaa soksi. Nikamfinya mguu wa kushoto kwa utani, hakujua kama nimemfinya.

Akaniambia, "Tatsuki, ukifungua mdomo, mimi si kaka yako tena. Miaka kumi na nne nakimbia, ndiyo kwanza watu wanajua jina langu."

Nami, mropokaji wa ukoo, nikanyamaza siku tatu. Ya nne nikaenda kwa daktari wa timu, nikamweleza yote. Akampiga picha ya mgongo siku ile ile, akasema mpira mmoja wa kichwa Jumapili na asingetembea tena.

Hachezi tena, Dada. Mkataba nao umerudi mezani kujadiliwa upya. Kaka amejifungia chumbani. Wali namwekea mlangoni, narudi naukuta umepoa. Huko nje maelfu wanaongezeka kumpenda kila saa, na mimi niliye naye nyumba moja hanijibu hata salamu.

Panda ndege uje. Wewe atakufungulia. Mimi sijutii hata chembe, ila ukimwona mwambie najuta, labda atakula.

Msalimie shemeji, na mtoto umfinye shavu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo,
Tatsuki