Kitabu cha Bibi Nilichokisafisha

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, juu ya karakana,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale mapacha, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Huku sisi hatujambo. Mgongo wangu unalalamika kwa kuinama kwenye meza ya kujalidi vitabu, lakini mgongo wa fundi usipolalamika watu husema hafanyi kazi. Wifi yako ni mzima na anakusalimu sana. Binti yetu ameng'oka jino la mbele na ameniagiza nihakikishe shangazi yake anajua.

Kazini tunaendelea. Bosi amenunua mashine mpya ya kukatia karatasi, na hamruhusu mtu kuigusa. Anaikata karatasi mwenyewe, anaipangusa mwenyewe, na sisi tunamsubiri yeye kama wagonjwa kwenye foleni.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Hii nimeianza mara nne na kuichana mara nne. Nilifurahi sana kusikia umepewa darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma. Kazi hiyo ilikuwa yako tangu zamani, maana mwanafunzi wako wa kwanza alikuwa Bibi. Umeniomba nikutumie kitabu chake kabla darasa halijaanza, uwaonyeshe alama zake za penseli, hasa ile ya mwisho. Kitabu kimo ndani ya kifurushi hiki. Alama hazimo, dada. Nimezifuta.

Ugonjwa wangu wa kukusanya vitabu unaujua, ila hujauona ulipofikia. Ulipoondoka nilikuwa na nakala tatu za riwaya ile aliyoiandika yule nyota wa sinema, ileile ya Bibi. Sasa ninazo kumi na saba: lile toleo la jalada la kijani, lile dogo la mfukoni, hata moja ambalo wachapaji walisahau kutia sura ya sita. Kila nikiingia na nyingine wifi yako huniuliza kama katika hii yule mwanamke wa hadithini hatimaye anapata akili.

Miezi minne iliyopita maktaba ya mji iliandaa maonyesho ya matoleo ya zamani, wakaniomba nipeleke yangu. Toleo la kwanza ninalo mara mbili, lakini lenye jalada la nje lisilochanika ni moja tu, la Bibi. Alilifunika kwa gazeti siku aliyolinunua, naye hajui hata herufi moja. Unakumbuka sababu yake. Alifagia jumba la sinema miaka ishirini na mbili, akamwona yule nyota akilia na kupendwa mpaka akayajua maneno yake yote kwa moyo. Aliposikia ameandika kitabu, akasema anataka kujua husema nini akiwa hajaandikiwa na mtu la kusema.

Sisi wakusanyaji tuna ushamba wetu. Kitabu kizuri kwetu ni kile kisichoguswa. Jina la mwenyewe, muhuri, doa la chai, penseli, vyote tunaviita uchafu. Nilikaa jioni mbili na ufutio laini na makombo ya mkate mkavu, ukurasa baada ya ukurasa. Nikafuta kile kistari alichokiweka pembeni kila aliposimama, na zile nukta juu ya maneno yaliyomshinda. Mkono wangu ni mwepesi. Karatasi haikuchubuka hata mahali pamoja. Kule maktabani walikiweka ndani ya kabati la kioo, na mkuu wa maktaba akanipa mkono mbele ya watu. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Kisha barua yako ikaja. Niliisoma nimesimama mlangoni.

Nikwambie na aibu iliyofuata. Nilichukua penseli nikaanza kuvichora vile vistari upya. Nilikuwa nimefika ukurasa wa thelathini wifi yako alipoingia kutafuta mkasi. Akatazama juu ya bega langu.

"Bibi mkono wake ulikuwa unatetemeka," akasema. "Hivi vyako vimenyooka kama uzio wa kambi."

Akachukua mkasi wake, akatoka. Vistari vyangu nikavifuta pia. Wanasema majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Ningeweza kuishia hapa. Ungenikasirikia siku mbili, kisha ungesema Makaratasi ni Makaratasi tu, jina ulilonipa mwenyewe. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na haya yangu nimeyaficha miaka sita.

Unataka kuwaambia wanafunzi wako kwamba bibi yako alianza kusoma akiwa na miaka sitini na mitatu, na akamaliza kitabu kizima. Utasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuandikia. Hukuweza kufika kwenye mazishi ya Bibi, na barua yako ilikuwa ya kilio kitupu, basi nikakujibu kwamba alimaliza wiki moja kabla, akakifunga kitabu, akatabasamu. Dada, hakumaliza. Hata lile tabasamu nililitunga mimi.

Ulipoondoka macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu. Aliendelea peke yake miezi kadhaa, siku nyingine ukurasa, siku nyingine mistari miwili, na kila siku kistari chake. Mwishowe herufi zikampotea kabisa. Akaniomba nimsomee kilichobaki, ajue kama yule mwanamke wa hadithini alirudi kwao au la. Nilikuwa mezani navalisha majalada yangu plastiki. Nikamwambia, "Kesho, Bibi." Wiki ileile akaniomba tena, nikasema kesho. Mara ya tatu hakuomba. Alikuja akipapasa ukuta, akakiweka kitabu mbele yangu, akaenda kukaa kitini kungoja. Nami nikakisogeza kando kisipate gundi. Alifariki siku tisa baadaye.

Kwa hiyo usije ukadhani nilifuta kwa kutojua. Vile vya mwanzo, labda. Nilikuwa nawaza kabati la kioo. Lakini cha mwisho nilikijua nilipokiona. Ukurasa wa 211, mstari wa nne kutoka chini. Kuanzia hapo kurasa ni safi, hakuna aliyezigusa. Niliuweka ufutio mezani nikakitazama muda mrefu. Nikajiambia kikibaki hapa, siku moja dada atakifungua kitabu hiki na atajua. Kisha nikakifuta, na nilikifuta vizuri kuliko vyote.

Nafsi inanisuta kila nikipita kwenye kile kiti. Nimejaribu kujitetea kwamba nilikuwa kijana, lakini nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kitabu kina kurasa 236. Zilibaki ishirini na tano, kazi ya saa moja kwa mtu anayesoma kwa sauti na kwa utaratibu.

Pale kwenye 211 sijachora kitu. Ukitaka, kiweke wewe, maana wewe ndiye uliyemfundisha.

Msalimie sana shemeji, na hao mapacha uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Mpe pole jirani yako mshonaji kwa kufiwa na mumewe. Mungu akupe afya, akutulizie goti, na akupe subira na wanafunzi wako, maana mtu mzima akishindwa na herufi huona haya kuliko mtoto. Sikuombi unijibu upesi.

Waambie Bibi alifika 211 kwa macho yake mwenyewe, usipunguze wala usiongeze. Wakiuliza kwa nini hakumaliza, waambie alikuwa na mjukuu mwenye macho mazuri, na mjukuu huyo alikuwa na shughuli na vitabu.

Mdogo wako akupendaye,
Makaratasi