Jina Linaloulizwa Kila Asubuhi

Lindi, Jumatatu

Mdogo wangu Somoe,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, nimewapita makatibu watano wa chama chetu cha wakulima, wote wasomi, na meno yangu yote nimeyapita isipokuwa manne. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, marahaba. Mguu wako unaendeleaje? Na shemeji, kile kifua kimetulia? Mimi mzima. Mkono wa kuandika ndio mzito kama unavyouona, lakini naandika mwenyewe. Sitaki mtu anishikie kalamu kwa jambo hili.

Umeniletea salamu mara tatu nije Kikole tumsomee hitma mwanangu Seifu, na mara tatu sikujibu. Nasikia unawaambia watu kaka ana kichwa kigumu. Ninacho, ndicho kilichonifikisha umri huu. Ila safari hii si ubishi. Siwezi kuondoka Lindi, na kinachonizuia ni kompyuta.

Usicheke. Soma mpaka mwisho.

Unajua ghala la chama nalilinda mimi, na wakulima wote wa huku nawajua kwa majina bila kutazama karatasi. Ile kompyuta ya mezani ilipoletwa, karani wetu Mwanaidi alikaa kwenye kiti, mimi nikasimama nyuma yake nikimtajia. Siku nne nzima, yeye anabonyeza, mimi nataja. Katibu na shahada yake asingeiweza kazi ile. Lakini nilitaja kama tunavyotaja kwetu. Nilipita shamba kwa shamba kichwani, na mkorosho kwetu unaitwa kwa jina la aliyeupanda, awe juu ya ardhi au chini yake. Mwanaidi yeye akaandika kila jina kuwa ni mkulima, na kila mkulima kuwa yupo. Hivyo wakaingia humo marehemu wengi, na Seifu akaingia, na mikorosho yake arobaini na miwili aliyoipanda kabla hajavuka Ruvuma kwenda kuchimba vito Msumbiji. Nilimtaja kwa jina lake, na lile la nyumbani pia, Seifu Kijiko, tulilomwita utotoni alipokataa kula kwa mkono.

Tangu hapo, miaka yote, lililoandikwa kwenye mashine ile lilibaki humo humo. Mwaka huu chama kikatengeneza mfumo wa mtandaoni, mkulima akae kwake aulize kwa simu kama jina lake lipo kwenye mgao wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Akaletwa fundi kutoka Dar, binti anaitwa Rehema, mpole, ana maneno machache. Nikamwuliza majina yatatokaje humu yafike kwenye simu za watu.

"Babu, majina hayatoki," akasema. "Mtu akiuliza kule, swali linakuja hapa. Mashine inatazama ndani, inarudisha jibu. Mimi naweka tu kitu cha kupokea swali na kujibu."

"Na mashine ikizimwa?"

"Basi anayeuliza hajibiwi."

Nikamwambia nimeelewa, ni kama mimi na ghala. Akasema wasomi wa ofisini wamechukua siku mbili kuelewa hivyo. Sijasema mimi, kasema yeye.

Siku ya kwanza baada ya kuunganishwa, watu walikuja mbio. Mjane mmoja aliingia ameishika simu mbali na mwili kama ameshika nge. Mumewe, tuliyemzika sote, ameandikwa yupo. Mwanaidi akageuka akanitazama.

"Mzee Ismaili, umeniandikisha makaburi."

"Mikorosho yake imekufa?" nikamwuliza. "Inazaa. Basi."

Sasa Somoe, nisikilize. Rehema aliacha sehemu kwenye kioo inayoonyesha kila jina linaloulizwa na saa yake, apate kujua kama kazi yake inakwenda. Nikawa nakaa hapo nasoma, polepole, herufi kwa herufi. Siku ya tatu, saa moja na nusu asubuhi, likaja: Seifu Ismaili. Halafu chini yake, kabla sijamaliza kulisoma la kwanza: Seifu Kijiko.

 Nikamwita Rehema.

"Linatoka wapi hili?"

"Kwenye simu, babu."

"Simu ya nani?"

"Hapo haisemi."

Mwanaidi akaenda akarudi na maji ya kombe, yaliyooshewa aya za Kurani, anataka kuinyunyizia mashine. Rehema akamshika mkono. "Dada, hayo ukiyamwaga hapa tutawakosa wote, wa duniani na wa ahera."

"Ni jini hilo," Mwanaidi akasema.

"Jini gani anayemjua Kijiko?" nikamwambia.

Kesho yake likaja saa ile ile. Na kesho kutwa. Mwezi wa pili huu, kila asubuhi. Umeme ulikatika siku mbili, nikakaa mbele ya kioo cheusi kama mfiwa. Uliporudi, jina liliulizwa mara tatu mfululizo, kama mtu aliyebisha hodi akaona haitikiwi. Na kila mara mashine inamjibu: mikorosho arobaini na miwili, yupo.

Sasa naiwasha mwenyewe nikitoka msikitini alfajiri. Simwachii mtu.

Uliwahi kuniuliza nilimwambia nini Seifu siku anaondoka, nikakwambia nilimwombea dua. Sikumwombea. Nilimwambia, usinirudie mikono mitupu. Miaka tisa bila habari yake, Somoe. Nikifikiri ni yeye, nafikiri anauliza kama bado tunamhesabu. Akijibiwa hayupo, atarudi kwa nani? Na nikifikiri si yeye, basi sijui ni nini kinachokaa na simu kila asubuhi kikimtafuta mwanangu kwa jina la utotoni.

Katibu amesema msimu ukiisha majina yanahamishiwa mtandaoni na wasiokuwepo wanafutwa. Kwa Seifu amenipa njia mbili: aje mwenyewe, au waje waliomzika. Nikamwambia sina hata mmoja wa hao.

Sasa ndilo neno lililonikalisha kuandika. Lile jina la Kijiko mama yake alilijua, naye ametangulia. Mwanaidi aliandika tu nilichotaja, na nimemwapisha kwa msahafu, si yeye. Waliobaki ni mimi, wewe shangazi yake uliyemlea, na yeye. Mjukuu wako Zuhura ana simu ya kupangusa. Je, ni wewe unayemwambia aandike? Kama ni wewe sikasiriki, najua unavyompenda. Niambie tu. Nitaizima mashine, nitamwambia katibu afute, nitakuja Kikole nikae mkekani tumsomee, na lile nililomwambia Seifu nitalisema mbele ya watu.

Kama si wewe, usipike hata punje ya mchele wa hitma.

Usinijibu kwa simu. Ukiisikia sauti yangu utanihurumia, utasema ninachotaka kusikia. Andika.

Msalimie shemeji. Msalimie Zuhura na usimgombeze kwa vyovyote. Msalimie binamu yetu Shabani anayeadhini hapo, mwambie aniombee bila kutaja sababu.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja, Ismaili.

Ukidhani uzee umenila kichwa, wapo wa kuulizwa. Yupo Rehema fundi, aliyeliona kwanza baada yangu. Yupo Mwanaidi karani, ambaye siku hizi hakai chumba kile peke yake. Na yupo katibu, ambaye hanipendi, kwa hiyo hawezi kunipendelea. Leo asubuhi alisimama nyuma yangu aje anicheke. Saa moja na nusu ikafika, jina likaja. Akavua kofia, akatoka nje.