Baba alipofungua mkanda

Marita upo? Sijui hata nikuelezeje.

Baba amefeli mtihani wa cheti cha kukata miti. Hapa Vwawa, mbele ya watu wote. Na mimi nilikuwepo, sisi wenye cheti tuliitwa kumsaidia msimamizi.

Baba alipanda mti vizuri kabisa. Kufika juu, tawi likawa mbali, akafungua mkanda wa usalama ili alifikie. Akafungua mkanda, Marita. Msimamizi akasema, "Mzee shuka, hapo umefeli."

Baba hakushuka. Akaniita kutoka kule juu: "Witness, mwambie huyu nani alikufundisha kupanda."

Watu wote wakanigeukia. Na msimamizi hajakosea. Hata mimi ningemfelisha, ukianguka pale huamki.

Nikasema tu, "Baba, funga mkanda ushuke."

Akafunga. Akashuka taratibu, akanikabidhi kofia bila kuniangalia. "Asante, mtaalamu."

Mtaalamu. Mimi, mwanae.

Na bila cheti hapewi tena kazi ya miti ya barabarani, kazi nyingine hana.

Sasa tupo stendi tunasubiri gari la Hasamba. Kakaa benchi la kule peke yake. Nimempelekea soda, anasema hana kiu. Gari lenyewe ni moja, tutapanda wote.