Bango la Mioyo Inayovuja

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa filamu. Sikuiomba. Nimepewa kama mtu anavyopewa mafua.

Mwalimu wetu wa usanifu kaamua kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu atengeneze bango, pamoja na majina ya mwanzo na ya mwisho yanayopita kwenye skrini, kwa filamu moja ya wale wenzetu wa upande wa pili wa ua, wanaosomea filamu. Ndiyo alama za mradi wa mwisho. Mwenzangu wa kiti cha kushoto kapata filamu ya mzimu. Wa kulia kapata ya bondia. Mimi nimepata mapenzi ya watoto wa shule.

Jina lake: MIOYO INAYOVUJA. Nilidhani ni ya mafundi bomba!

Mwongozaji ni yule wa kofia ya sufu. Anaivaa darasani, anaivaa juani, nadhani na bafuni. Nitamwita Kofia, na ashukuru Mungu sijamwita vingine. Kanieleza hadithi kwa dakika arobaini. Nafupisha: binti wa kidato cha tatu anataka kuimba, mama yake hataki, wavulana wawili wanamtaka, mvua inanyesha. Mvua yenyewe ni mpira wa kumwagilia maua nyuma ya maktaba. Binti wa miaka kumi na sita anaigizwa na dada wa miaka ishirini na sita mwenye kucha ndefu kama vijiko.

Anachotaka kwenye bango: binti analia. Wavulana wawili ndani ya machozi, mmoja kila tone. Moyo uliopasuka. Mwezi. Gitaa. Na moto! Nikauliza moto wa nini. Moto wa hisia, anasema. Nikauliza anataka bango au sahani ya mabaki ya jana.

Hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Mdomo wangu huu! Juzi niliropoka kwamba mama ni fundi cherehani. Leo Kofia kaja nyumbani na Dada Kucha kupimwa sare ya shule.

Chumba chetu cha mbele ndiyo karakana ya mama: cherehani dirishani, vitambaa hadi kitandani, vipande vya uzi kwenye kila kitu, hata kwenye chai. Kofia kasimama katikati akisema "mazingira halisi kabisa" na kuunda fremu kwa vidole. Mama alikuwa amepiga magoti, futi shingoni, pini mdomoni, anapima kiuno cha Dada Kucha. Akamtazama kutoka chini.

"Mwanangu, hiki kidato cha tatu umekikaa miaka mingapi?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Nisingetoka. Niliporudi mambo yalikuwa yameharibika. Yule mwanamke aliyekuwa aigize mama wa binti kajitoa — kapata kazi ya kweli, mwenye akili. Kofia akawa anamwangalia mama kama mtu aliyeona kiti kitupu kwenye basi.

"Mama, umewahi kuigiza?"

"Niliolewa miaka tisa. Inahesabika?"

Wakacheka wote. Basi, mama akakubali! Hivyo hivyo, na pini mdomoni.

Nikamfuata jikoni. Nikamwambia hawa watu hawajui wanachofanya, watamchosha bure. Akaniuliza kwani ataniaibisha.

Nikasema hapana, mama, jamani.

Nilimaanisha ndiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Leo wamepiga picha sehemu ya mama. Sikwenda. Nilisema nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kulala chali na kuangalia dari.

Mama karudi saa kumi, poda bado usoni. Hakunawa, hakula. Kakaa kwenye cherehani, kashona kola ya shati la mteja nje ndani, kaifumua, kaishona tena nje ndani. Huyu mwanamke anaweza kushona kola amefumba macho.

Nikauliza imekuwaje.

"Kazi za watu ni kazi za watu," akasema. Mwisho wa taarifa ya habari.

Jioni Kofia kanipigia analalamika. Mama yako kaniharibia kilele cha filamu! Kumbe kwenye hadithi binti anasema "nataka kuimba" na mama anamzaba kofi. Ndiyo kilele. Kofia alitaka kofi. Mama kakataa. Mara nne wamerudia, mara nne kakataa, na mara ya nne kaanza kusema maneno yake mwenyewe ambayo hayamo popote. Muda wa chumba walichoazima ukaisha, wakabeba walichopata. Atakifunika kwa muziki, anasema. Halafu akaongeza kwamba watu wa mtaani hawana nidhamu ya sanaa, na akacheka.

Nami nikacheka naye. Naandika hili hapa ili kesho nisije nikajidai sikucheka.

Jumanne, 11 Machi

Herufi. Nimempelekea aina tano. Amekataa tano. Anataka nyekundu zinazochuruzika. "Herufi zivuje, si ndiyo jina?" Nikamwambia bucha la kona lina kibao chenye herufi kama hizo, akakiombe.

Dada Kucha naye kaja. Jina lake lisiwe dogo kuliko jina la filamu. Alikuwa na rula. Rula! Kapima skrini yangu kwa rula, na ukucha ukakwaruza kioo.

Nawachukia wote kwa usawa.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike taratibu.

Nilikwenda chumba cha uhariri saa nane mchana kutafuta picha ya kuweka kwenye bango. Mhariri alikuwa amekwenda kula. Kaniachia hedifoni na mafaili yote. Nikaanza kupita: Dada Kucha analia kwa kitunguu. Kijana wa kwanza anaegemea ukuta. Kijana wa pili anaegemea ukuta ule ule. Mvua ya mpira, na unaona kabisa jua linawaka nyuma yake! Nilikuwa najifurahisha.

Halafu faili la Jumamosi, mara ya nne.

Mama kasimama mlangoni mwa chumba cha kuazima, kavaa kitenge chake cha nyumbani. Dada Kucha anasema nataka kuimba, kwa ile sauti yake ya tangazo la sabuni. Mama anainua mkono. Unafika nusu. Unabaki hapo, hewani, kama umesahau ulikokuwa unakwenda. Anaushusha. Hamwangalii tena Dada Kucha, anaangalia pembeni kidogo, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Nililichana daftari lako," anasema.

Dada Kucha anachanganyikiwa. Unamwona kabisa. "Daftari gani?"

"Unalijua."

Hata Kofia hakupiga kelele, sijui alikuwa amelala.

"Kila karatasi nilikuwa naiangalia kwanza ndiyo naichana. Zilikuwa nzuri. Zingekuwa mbaya ningekuachia, ungechoka mwenyewe. Zilikuwa nzuri, nikaona huyu ataondoka na hizi, ataniacha, na dunia itamcheka na mimi sitakuwepo. Nikazichana. Nikawashia jiko. Na chai tukanywa."

Halafu sauti ya Kofia kwa mbali: kata, kata, hakuna daftari kwenye filamu yangu!

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Daftari kubwa lenye jalada la kijani, michoro ya nyuso tu: majirani, walimu, mama akishona, mama amesinzia. Nilirudi kutoka shuleni nikakuta jalada la kijani tu, mlangoni pa jiko. Hajawahi kusema neno. Mimi pia. Miaka saba tumekaa nyumba moja, tunapeana chumvi, tunaambiana usiku mwema. Nikaingia chuo cha usanifu kwa jeuri, ili kila siku anione ninachora. Nilidhani hajui ni jeuri.

Nimeirudia mara kumi na moja. Mhariri alipoingia nikasema vumbi la chumba hiki litatuua.

Kwa nini aseme pale? Mbele ya taa za watu na yule mpumbavu wa kofia? Kwa nini amwambie Dada Kucha?

Najua kwa nini. Dada Kucha hana uso wa dharau kama wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Mama, anakata uzi kwa meno: "Ile yangu umeiona?"

"Bado."

"Aa."

Jumatatu, 17 Machi

Leo tumemwonyesha mwalimu kazi nusu. Kofia kaifanya sehemu ya mama sekunde nane, kinanda juu yake, midomo ya mama inacheza bila sauti kama samaki.

Mwalimu akauliza huyu mama alikuwa anasema nini. Kofia akasema si muhimu, sauti iliharibika. Mhariri — Mungu ambariki, hana ujanja hata kidogo — akasema haijaharibika, ninayo hapa. Akaifungua yote.

Mwalimu kavua miwani. Kakaa nayo mkononi mpaka sehemu imeisha, na ilipoisha bado kakaa nayo.

"Nani kaandika hii?"

Na Kofia, bila hata kumeza mate: "Mimi. Nilimwongoza mpaka akafika pale."

Jamani! Nimeona watu wanaiba mitihani, wanaiba sabuni bafuni. Sijawahi kuona mtu anaiba kitu ambacho siku tisa zilizopita alikuwa anakitukana. Nikajikuta naongea.

"Ndani ya daftari kuna nini?"

Akanigeukia. Jasho likamtoka chini ya kofia. "Nyimbo," akasema. "Nyimbo za binti."

"Safi sana," mwalimu akasema, akaandika kitu.

Nilikuwa na neno mdomoni. Moja tu lingetosha kumwangusha yule na kofia yake. Lakini ningeulizwa wewe umejuaje. Na hapo mbele ya watu kumi na wawili ningetakiwa kulifungua jiko letu, chai yetu, kila kitu. Nikalimeza. Ni chungu.

Mwalimu kasema sehemu ile ibaki nzima, bila kinanda. Na bango ni uamuzi wangu kwa sababu alama ni zangu. Tangu saa hiyo Kofia kanitumia jumbe kumi na moja. Tisa zinahusu moto.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia mama kwamba sehemu yake imebaki yote. Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio.

"Jina langu msiliweke."

Kwa nini?

"Wateja wangu watasema fundi kapata wazimu." Akaanza tena kushona. Baada ya mshono mzima, bila kuinua kichwa: "Na wewe, mama, ukishaiona, usiniulize kitu."

Haya. Jina halitakuwepo. Hakusema kitu kuhusu uso.

Bango nimelimaliza leo. Ni mama peke yake, mlangoni, mkono ukiwa nusu njia. Ukiuangalia huwezi kujua unapanda au unashuka. Hakuna mwezi, hakuna gitaa. Herufi za jina nimezichana kwa mkono kutoka karatasi nyeupe, moja moja, nikazipiga picha. Nilichana mpaka vidole vikauma. Kofia kauliza mbona zina kingo mbaya. Nikasema mioyo inavuja, karatasi inachanika. Akafikiri. "Ina hisia," akasema. Ng'ombe.

Majina ya mwisho pia yamekwisha. Jina la Kofia limetokea mara sita. Mara ya sita anajishukuru. Kwa mama nimeandika: MAMA — MAMA YANGU. Kofia akalalamika kwamba watu watadhani ni mama yake yeye. Waache wadhani, nikasema. Akafurahi! Nilijua atafurahi.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika kwenye ngazi, kando ya mlango wa ukumbi. Filamu inaanza saa kumi. Sasa ni tisa na nusu.

Bango wamelitundika ukutani kule mwisho wa korido, kubwa, urefu wa mtu. Dada Kucha alipoliona akatafuta jina lake, akalipata chini, akatoa rula kwenye mkoba. Sijui rula nyingine duniani inayofanya kazi kama ile. Kofia anasalimia wageni, amevaa koti juu ya kofia. Namaanisha kofia na koti. Anawaambia wazazi wa watu kwamba wazo la daftari lilimjia akiwa anaoga.

Mama nilimwambia aje saa kumi kasorobo, nimpitishe mlango wa nyuma akae bila kulipitia bango. Nilikuwa nimepanga vizuri. Kaja mapema. Kaja na gauni la bluu alilolishona wiki hii, ambalo nilidhani ni la mteja. Hakuniona. Kapita korido yote, mkoba kifuani, anasoma vibao vya milango.

Akafika.

Sasa ni dakika sita kasimama pale. Naona mgongo tu. Mwalimu kapita nyuma yake. Kofia kapita, hata hakumsalimia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanataka kupiga picha na bango. Mmoja kamgusa bega kwa adabu kabisa — samahani mama, unatuzibia.

Akasogea. Hatua moja tu. Wakapiga picha zao na uso wake, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia. Karudi palepale.

Sasa kanyoosha mkono. Anapapasa ukingo wa herufi, ile M, kwa ukucha, polepole, kama anavyokagua mshono kutafuta ulipoachia. Kofia ananiita mlangoni, wanataka kujaribu kuzima taa. Siendi. Mama kashusha mkono. Kavuta pumzi, naona mabega.

Anageuka, ananiona. Nafunga daftari hili.