Shikamoo Iliyomzeesha Binti

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, nakujibu kabla hujaniamkia. Hapa Kariakoo tu wazima, ila shangazi yako kanunua king'amuzi na sasa nyumba nzima hatusikilizani.

Unauliza kama ujitoe kwenye kundi lenu la mtandaoni la kujifunza Kijerumani. Mwenzako mmoja, Mjerumani, alianguka na baiskeli, ukataka kumpa pole, ukaandika neno la kuomba msamaha. Akauliza kama wewe ndiye uliyemsukuma, wote wakacheka.

Mimi nilipofika mjini kutoka Moshi, nilimwamkia shikamoo binti muuza vitenge, kwa heshima zote. Kumbe tulikuwa rika moja.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Njoo umbebee mama yako mzigo, mgongo umeshazeeka."

Mtaa mzima ulicheka, nami nikabeba. Nilitamani kubadili njia, lakini kesho yake nilirudi kumuuliza mwenyewe nimwamkieje.

Nawe usijitoe. Muulize huyo wa baiskeli kwao pole wanaisemaje, umweleze kwamba sisi tunatoa pole hata kama hatukumsukuma mtu. Huenda akapenda kuulizwa. Yule binti alipenda. Ndiye bibi yako, na mpaka leo ananisahihisha.

Babu yako